BAKTERIA WANAOKULA HARUFU YA MAYAI YALIYOOZA

Wanafunzi wenzetu, mu toleo hili sisi wa darasa la sita tunapenda kujifunza pamoja nanyi namna gani vidudu vidogo sana, ndio bakteria, vinasafisha gazi ya viwanda. Wadogo zetu wa darasa la tatu wasiogope, shimi iko kidogo tu.

Gazi inayotoka chini ya udongo, na ile inayotoka mu maji machafu yaliyooza, mara nyingi imechanganyika na hidrojeni sulfidi (H2S). Inanuka sawa mayai mabaya. Hii gazi hapana mchezo. Ikifika sehemu 100 mu milioni ya hewa, pua inachoka, haisikii tena harufu, na mtu anafikiri hatari imeisha. Kati ya 500 na 1 000 inaweza kuangusha mtu na kumuua mbio sana. Ndiyo maana mtu akianguka mu shimo la choo, anayeshuka kumsaidia anaanguka naye. Tena ukiichoma gazi hii, inatoa moshi unaoleta mvua ya asidi.

Tangu 1883 kuna njia ya Carl Friedrich Claus: kuchoma sehemu ya H2S mu tanuru lenye moto wa karibu digri 1 000, ili kupata sulfuri, ndiyo kiberiti cha manjano. Ni njia nzuri kwa kiwanda kikubwa. Kwa kidogo, bei yake ni kali.

Sasa bakteria. Mwaka 1887 Mrusi Sergei Winogradsky, aliyefanya kazi kule Strasbourg, alionyesha kwamba bakteria Beggiatoa, wakipewa maji yenye H2S, wanajaza punje za sulfuri mu mwili. Wakinyimwa, punje zinaisha. Kumbe ile sumu kwao ni bugali!

Waholanzi wakageuza jambo hili kuwa kazi. Chuo kikuu cha Wageningen na kampuni ya Paques walitengeneza mashine, na mwaka 1993 ikaanza kusafisha gazi ya maji machafu ya viwanda vya karatasi kule Eerbeek. Iko na matanki mawili. Mu la kwanza gazi inaoshwa na maji yenye soda:

H2S + OH⁻ → HS⁻ + H2O

Gazi inatoka safi. Maji yanaenda ku tanki la pili, fasi bakteria wanakaa, na hewa inapulizwa:

HS⁻ + ½ O2 → S + OH⁻

Tazameni vizuri: OH⁻ iliyoliwa mu tanki la kwanza inarudi mu la pili. Soda inatumika tena na tena. Lakini siri yote iko ku hewa. Bakteria wakipata oksijeni mingi, hawasimami ku sulfuri, wanaendelea:

HS⁻ + 2 O2 → SO4²⁻ + H⁺

Hapo tumepata asidi, na soda inapotea. Kwao ni faida, maana wanapata nguvu zaidi. Kwetu ni hasara. Basi inapashwa kuwapimia hewa, wakae na njaa kidogo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo akili kubwa ya mashine, kupita matanki yenyewe.

Mwaka 2002 njia hii ilianza kule Bantry, Alberta, mu Kanada, kwa gazi ya udongo yenye mgandamizo mkubwa. Na kwa sababu maji ya tanki yana chumvi na soda, bakteria wa matope ya kawaida hawayapendi. Mwaka 2001 Dimitry Sorokin na wenzake waliandika juu ya bakteria wanaopenda maji ya namna hiyo, waliotoka mu maziwa ya magadi ya Siberia na ya Kenya.

Sulfuri yao ni unga laini unaokubali maji, kwa hiyo wakulima wanaweza kuitia mu mashamba kama mbolea ao kuipiga juu ya ukungu wa mimea.

Msichanganye: moshi wa kuyeyusha shaba una SO2, si H2S. Huo unadai kwanza bakteria wengine wa kuurudisha kuwa H2S, na hao wanataka chakula, kama alkoli ao hidrojeni.

Zoezi: (H=1, S=32, O=16). Kilo 34 za H2S zinatoa kilo ngapi za sulfuri, na zinadai kilo ngapi za oksijeni? Na bakteria wakiachwa washibe hewa, ni kilo ngapi? Leteni majibu mbele ya Ijumaa.