Kabla Hujamwomba Mdhamini Akulishie Farasi

Kazi yangu ni kusoma barua za kuomba udhamini kabla hazijamfikia mwenye kutia sahihi. Za wapanda farasi wa ridhaa wa Nairobi na vitongoji vyake huja chache, lakini maswali yao karibu ni yale yale.

Mimi si bingwa wa chochote. Kampuni itanidhamini kwa sababu gani?

Kampuni inayotaka umati itakwenda kwenye soka, riadha au Safari Rally, na ushindi wako wa daraja la chini hautaibadilisha nia. Wewe unauza kitu kingine. Jumapili ya mashindano ya kuruka viunzi pale Jamhuri Park, wanaosimama kando ya uzio ni wazazi, wamiliki wa farasi, madaktari wa mifugo na wageni wao. Si wengi, lakini ni watu wanaokata bima, wanaonunua magari ya kuvuta trela na wanaojenga. Mfanyabiashara wa sola au wa matangi ya maji angependa sana kukaa nao asubuhi nzima. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote, mwulize katibu wa mashindano ni farasi wangapi waliojiandikisha mara ya mwisho, kisha uandike idadi hiyo hiyo. Anayeandika "maelfu ya watazamaji" hugunduliwa kwa simu moja.

Jambo la pili ulilo nalo ni farasi mwenyewe. Farasi wengi wanaoruka viunzi Kenya walianzia kwenye mbio za Ngong Racecourse, wakastaafu, wakafundishwa upya. Mtu asiyejua tofauti ya dresaji na mbio ataelewa mara moja habari ya farasi aliyepewa kazi ya pili. Inashangaza jinsi habari hiyo inavyokosekana kwenye barua, huku aya nzima ikipewa vyeti.

Nianzie wapi? Benki? Kampuni ya simu?

Anzia dukani unakonunua chakula cha farasi. Benki ina idara, bajeti iliyopitishwa zamani na rundo la barua kama yako. Mwenye duka la pembejeo huamua akiwa amesimama kaunta, na tayari anakufahamu kama mteja anayelipa.

Tena usimwombe pesa, mwombe bidhaa. Gunia analokupa linamgharimu bei ya jumla, ilhali wewe linakuokolea bei ya rejareja. Ndiyo maana anayekataa kutoa elfu kumi taslimu atakubali magunia yenye thamani kubwa kuliko hiyo bila kuumia. Ni vivyo hivyo kwa mwenye lori la kubeba farasi na kwa fundi cherehani atakayekushonea koti.

Niombe kiasi gani? Niorodheshe gharama zote za farasi?

Hapana. Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Mpandaji huorodhesha nyasi, chakula, mshahara wa saisi, viatu kila baada ya wiki sita hadi nane, chanjo, daktari, kodi ya banda, kisha anajumlisha chini na kuomba yote. Anayesoma haoni biashara hapo. Anaona kadi ya mchango wa harambee, na harambee ana za kwake.

Nina msimamo mkali kidogo kuhusu jambo hili: chakula, matibabu na banda ni mzigo wa mwenye farasi, na visitegemee mdhamini hata siku moja. Januari 2018 kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini wake wa ndani kwa kulalamikia kodi mpya, vilabu vya soka vyenye mashabiki nchi nzima, Gor Mahia na AFC Leopards, vilitikisika. Klabu ikikosa pesa, mchezaji anaweza kulalamika au kuhama. Farasi hawezi kuambiwa asubiri chakula hadi mdhamini mwingine apatikane.

Omba kinachoongeza, kitu ambacho kikikosekana utashindana mara chache tu: ada za kuingia mashindano matatu, usafiri wa kwenda na kurudi, vitambaa vipya vya tandiko. Taja bei, taja tarehe, na barua isizidi ukurasa mmoja.

Nembo ya mdhamini itakaa wapi?

Soma kanuni za mashindano unayoingia. Kwa huku nyumbani waulize Horse Association of Kenya. Shirikisho la kimataifa, FEI, hupima kwa sentimita: nembo kwenye kitambaa cha tandiko haizidi sentimita 200 za mraba kila upande, na kwenye koti ni ndogo zaidi. Kofia iache. Gundi nyingine huweza kudhuru ganda lake, na hakuna nembo yenye thamani ya kichwa chako.

Zamani Waingereza walikwenda mbali zaidi, wakaliuza hata jina la farasi. Harvey Smith alishinda Derby ya kuruka viunzi ya Hickstead mwaka 1981 akiwa juu ya farasi aitwaye Sanyo Video. Milton, farasi maarufu wa John Whitaker, alitangazwa kwa nyakati tofauti kama Next Milton, Henderson Milton na Everest Milton. Lakini mashabiki walimwita Milton tu, jambo ambalo wadhamini watatu walilipia kulijua.

Na farasi akianza kuchechemea katikati ya msimu?

Atachechemea. Kama si mguu, ni mvua: baada ya mvua usubi huongezeka, nao ndio unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoua haraka. Hata aliyechanjwa huingizwa bandani kabla jua halijatua.

Basi mkataba useme mapema. Usiahidi idadi ya mashindano peke yake, andika mbadala. Farasi akipumzika, mdhamini aletewe nini? Labda asubuhi moja wateja wake na watoto wao waje kuwalisha farasi karoti, labda picha za kutumia kwenye kalenda yake. Nijuavyo mimi, wenye biashara ndogo hufurahia ziara hiyo kuliko mashindano yenyewe, maana hawaelewi alama zinavyotolewa. Na mjulishe mdhamini siku ile ile farasi anapoumia. Asisikie kwa mwingine.

Kampuni itapata nafuu ya kodi?

Kama sheria ya kodi inatoa nafuu kwa udhamini wa michezo, hilo ni la kampuni kuthibitisha. Kwa magunia sita ya chakula hakuna atakayefuata njia hiyo. Duka litayaandika kama matangazo, na hilo ni la mhasibu wake. Wewe mpe risiti tu.

Binti yangu ana miaka 14. Anaweza kudhaminiwa?

Anaweza, lakini sahihi ni yako, mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia inataka ridhaa ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha zake zimo humo. Andika ni picha zipi, zitumike wapi, na hadi lini. Kampuni za pombe na kamari zikataeni bila mjadala.

Nikipokea udhamini, bado mimi ni wa ridhaa?

Inategemea unakoshindana. Marekani, kwa mfano, anayelipwa kupanda au kufundisha huhesabiwa mtaalamu. Kama unakusudia kwenda kushindana nje, waandikie wenye mashindano kabla ya kutia sahihi, na jibu lao ulihifadhi.

Niliandika, sikujibiwa. Nirudie?

Piga simu, usitume barua nyingine. Uliza swali moja tu: bajeti ya mwaka ujao inapangwa mwezi gani? Kampuni nyingi hufunga hesabu Juni au Desemba, na barua inayofika miezi mitatu kabla ya hapo hukuta pesa ambazo bado hazina mwenyewe.