Istilahi za Protini za Vimelea vya Mimea: Mfano wa Mafunzo ya Nyanjani Kajiado

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza protini ambazo vimelea hutumia kuishambulia mimea. Tunamchukua kama mfano mwanafunzi wa sayansi aliyepelekwa Kajiado kwa mafunzo ya nyanjani, ambaye ana wajibu wa kueleza matokeo yake mara mbili: kwa mhadhiri wake na kwa mkulima aliyempa mche mgonjwa. Hoja yetu ni kwamba maelezo ya pili ni kazi ya kiisimu, na kwamba istilahi potofu humgharimu mkulima mazao na fedha.

1. Utangulizi

Kaunti ya Kajiado hufahamika zaidi kwa ufugaji. Hata hivyo, nyanya na vitunguu hulimwa huko kwa umwagiliaji, hasa Kimana, Namelok na Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kitengela, mji uliokua kwa kasi kando ya barabara ya Namanga, sehemu kubwa ya ardhi ya malisho imegawanywa kuwa viwanja, na wapo wakazi wanaokuza nyanya katika vivungulio, yaani mabanda ya plastiki. Wakazi hao wametoka katika jamii nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Aidha, Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Pamoja na hayo, ripoti za maabara huandikwa kwa Kiingereza.

2. Protini za kimelea na kinga ya mmea

Tuanze na mnyauko bakteria wa nyanya. Ugonjwa huu husababishwa na Ralstonia solanacearum, bakteria anayeishi udongoni na kuingia katika mmea kupitia mizizi. Afikapo katika mishipa ya maji huzaana na kutoa ute mzito unaoiziba, na mmea hunyauka ungali wa kijani.

Mmea nao una ulinzi. Juu ya utando wa seli zake mna vipokezi vinavyotambua dalili za jumla za vijidudu. Ili kuushinda ulinzi huo, bakteria huunda kifaa mfano wa sindano na kudunga protini zake ndani ya seli. Protini hizo huivuruga kinga ya mmea kutoka ndani. Wanasayansi huziita efekta.

Katika miaka ya 1940, Harold Flor wa Marekani alichunguza mmea wa kitani na ugonjwa wake wa kutu, akabaini kuwa jeni ya ukinzani katika mmea hulingana na jeni mahususi katika kimelea. Baadaye ilidhihirika kwamba mmea una safu ya pili ya vipokezi, ndani ya seli, inayozinasa efekta. Mwaka 2006, Jonathan Jones na Jeffery Dangl waliziunganisha safu hizo mbili katika kielelezo kimoja.

Efekta mojawapo ya Ralstonia ni PopP2, ambayo huzilemaza protini zinazoamsha jeni za kinga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kipokezi RRS1 cha mmea wa Arabidopsis kina kipande kinachofanana na protini hizo zinazolengwa. PopP2 inapokishambulia kipande hicho, kinga huamka.

3. Uteuzi wa istilahi

Je, efekta tuiiteje? Njia ya kwanza ni kutohoa, kama tulivyofanya hapo juu. Utohozi una faida: protini, bakteria na jeni ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka, na protini limelishinda neno utomwili. Kasoro ya efekta ni kwamba halimwambii mkulima lolote.

Njia ya pili ni kutumia maneno tuliyo nayo. Protini chokozi huvutia masikio, lakini hupotosha: mchokozi huamsha ugomvi, ilhali kazi ya efekta ni kuuzima. Protini shambulizi ni bora zaidi, ila haionyeshi usiri wa tendo lenyewe. Tunapendekeza protini za hujuma. Kuhujumu ni kuharibu kazi ya mwingine kwa hila na mara nyingi kutoka ndani, na ndivyo protini hizi zinavyofanya. Kwa kipande cha RRS1, neno chambo linatosha: adui hukivamia akidhani amepata windo, kumbe ananaswa.

4. Maneno ya kila siku na gharama zake

Tatizo kubwa zaidi halimo katika maneno mapya bali katika yale tuliyoyazoea. Katika mazungumzo ya kawaida, wadudu huweza kumaanisha vidukari, kuvu, bakteria na hata virusi. Mkulima akiambiwa kwamba nyanya zake zina wadudu, atanunua kiuawadudu, ambacho hakimdhuru Ralstonia. Akiambiwa ni ukungu, atanunua kiuakuvu, nacho hakitamfaa. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mche uliokwisha kunyauka kwa ugonjwa huu. Kinachofaa ni kung'oa miche iliyoathirika, kutumia miche iliyopandikizwa juu ya shina kinzani, na kubadilisha mazao kwa kuepuka viazi, pilipili na biringanya, ambazo ni ndugu za nyanya.

Mwanafunzi anaweza kumwonyesha mkulima jaribio jepesi: shina lililokatwa hutumbukizwa katika glasi ya maji safi, nyuzi nyeupe kama maziwa zikitiririka, mnyauko bakteria umejidhihirisha.

Hali kadhalika, maneno matatu yatenganishwe. Usugu utumike kwa kimelea kisichodhuriwa tena na dawa. Ukinzani uwe uwezo wa mmea kuzuia kimelea kisistawi. Ustahimilivu uwe uwezo wa mmea kuzaa ijapokuwa umeambukizwa. Muuzaji wa mbegu anayeyachanganya humwahidi mnunuzi jambo ambalo mbegu haiwezi kulitimiza.

5. Hitimisho

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Tunapendekeza kwamba mwanafunzi wa sayansi anapokwenda nyanjani, aambatane na mwanafunzi wa Kiswahili. Kwamba istilahi wanazozipendekeza zijaribiwe kwa wakulima kabla ya kusanifishwa. Na kwamba kila ripoti iambatishwe ukurasa mmoja wa Kiswahili utakaorudishwa shambani. Mkulima aliyetoa mche wake ana haki ya kujua kilichomo ndani yake.