Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Jina Adimu la Kiingereza

Ukiwa na jina la ukoo kama Smith, utazama kwenye rundo la watu wasiohusiana. Jina adimu ni rahisi zaidi kufuatilia, mradi uanze na watu, si na maana yake. Tuchukue Birtwistle, jina la mtunzi wa muziki Harrison Birtwistle, aliyezaliwa Accrington, Lancashire, mwaka 1934.

1. Kusanya vyeti. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo huko Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Cheti cha kuzaliwa hutaja jina la mama kabla hajaolewa. Cha ndoa hutaja baba za maharusi na kazi zao. Panda hivyo kizazi kwa kizazi.

2. Pitia sensa. Ile ya 1841 isome kwa tahadhari: umri wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa kwa mafungu ya miaka mitano, hivyo mtu wa miaka 34 huonekana ana 30. Ya 1851 ni bora, kwani inataja parokia aliyozaliwa mtu. Ya 1931 usiitafute. Iliteketea kwa moto mwaka 1942.

3. Fungua daftari za kanisa. Parokia ziliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Makasisi waliandika walivyosikia, kwa hiyo tafuta pia Birtwisle na Birtwhistle.

4. Chora ramani. Weka alama kila parokia ulimokuta jina hilo. Zikirundikana sehemu moja, huenda jina limetokana na mahali. Birtwistle inaelekeza Lancashire, kwenye kitongoji kilichotoweka karibu na Padiham.

5. Sasa shika kamusi. Kamusi ya Oxford ya majina ya koo za Uingereza na Ayalandi, ya mwaka 2016, huonyesha maandishi ya kale ya kila jina. Sehemu ya mwisho ya Birtwistle, yaani -twistle, ina maana ya makutano ya mito, kama ilivyo katika Oswaldtwistle, mji jirani wa Accrington.

Usiharakishe kuwafanya wenye jina hilo wote ndugu: watu wawili waliohama kitongoji kimoja wangeweza kuitwa kwa jina lake bila kuwa na damu moja. Na ukiuziwa “nembo ya ukoo”, weka pesa zako mfukoni. Uingereza, nembo hupewa mtu na wazao wake, haipewi jina.