Kona ya Dada: Grisi isikutese, tafuta spana nyembamba

Mdogo wangu wa Kakese, pole na hilo gurudumu. Unasema ukipakia gunia la mpunga kuja Mpanda mjini, la nyuma linalia kama bata. Fundi anakumiminia oili chafu, bata ananyamaza, na wiki haijaisha karudi. Sasa kaka yako kakwambia usubiri mtu atakayeleta grisi maalumu ya baiskeli kutoka Dar es Salaam.

Usisubiri. Hela ya grisi ya Dar nunulia spana.

Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mna ekseli, na kila upande wa ekseli mna koni. Koni imeelekea bakuli la chuma, katikati yao zimepangwa gololi: mbele kwa kawaida ndogo 10 kila upande, nyuma kubwa zaidi, 9 kila upande. Wewe, gunia, na huyo mwanao uliyembeba mgongoni, wote mmekalia gololi chache zilizo upande wa chini. Usizidharau. Mwaka 1869 James Moore alishinda mbio za Paris hadi Rouen kwa baiskeli yenye gololi kwenye ekseli, jambo geni kabisa wakati ule, na njia yenyewe ni zaidi ya mara tatu ya kutoka Mpanda hadi Sitalike.

Grisi inazuia chuma kisile chuma, halafu inaziba mlango ili maji na vumbi visiingie. Hilo la kuziba, oili hailiwezi, inachuruzika. Na oili chafu imetoka kwenye injini ya mtu na masizi yake na unga wa chuma. Ukiimimina kwenye habu unasugua gololi kwa msasa laini, na hapo hapo unaosha ile grisi kidogo iliyokuwa imebaki. (Najua, hizi baiskeli za kizamani zina kitundu cha mafuta katikati ya habu, chenye kibati. Kilitengenezwa kwa oili kweli, ila oili safi, na ya kurudiwarudiwa. Nani kati yetu anarudia?)

Grisi yenyewe haina makuu. Nenda duka la vipuri vya magari, uliza grisi ya beringi, ya lithiamu, ugumu namba 2. Kwenye kopo utaona NLGI 2 au EP 2. Beringi ya gari inapata joto na mzigo ambao baiskeli yako haitaujua maisha yake yote, kwa hiyo inayomtosha mwenye lori inakutosha. Rangi isikubabaishe: nyekundu, bluu, ya kahawia, hiyo ni rangi tu. Kama masika yote unavuka maji yanayofika kwenye ekseli, grisi ya kalsiamu inavumilia maji vizuri zaidi. Ila usipake aina moja juu ya nyingine, kwa sababu nyingine hazipatani, zikikutana zinalainika na kuwa uji. Wanaokupimia kwenye kifuko, angalia kopo lao lina mfuniko au limekaa wazi barabarani. Grisi yenye mchanga afadhali ukose. Vaselini iache kwa miguu ya watoto. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi.

Sasa spana, maana hapa ndipo baiskeli nyingi zinapoharibiwa. Koni inabanwa na nati nyingine juu yake, loknati. Ili uilegeze loknati lazima ushike koni isizunguke, na ubapa wa kushikia koni ni mwembamba, spana ya kawaida haiingii. Fundi asiye na spana nyembamba anachukua patasi na nyundo, anagonga. Koni inachanika, unaambiwa "koni imeliwa," unanunua nyingine, mwezi ujao inagongwa tena. Dukani nenda na ekseli yako mkononi, ujaribishe. Koni nyingi zinakaa kati ya namba 13 na 16. Usipoipata, mpe mwenye mashine ya kusaga chuma spana ya kawaida aipunguze ubavu, akiichovya majini kila mara isiive kwa moto ikapoteza ugumu. Ongeza spana ya loknati na ya nati za ekseli, sinia, na matambara makavu. Basi.

Fungua upande wa kushoto tu, ule usio na mnyororo, koni ya kulia iache ilivyo. Fanyia kazi juu ya sinia, gololi zikidondoka zidondokee humo. Watoto wa jirani wakiziona wanadhani umewaletea za kuchezea. Osha kwa mafuta ya taa au dizeli, si petroli, tena mbali na jiko, na usiyaweke kwenye chupa ya soda, mtoto asije akayanywa. Kisha kausha kabisa, kwani mafuta ya taa yakibaki yanayeyusha grisi mpya. Koni na bakuli vipitishie ukucha. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, grisi ya bei yoyote haitasaidia, badilisha. Gololi nunua mpya zote pamoja, kwa sababu ukichanganya mpya na zilizolika, zile mpya ndizo zitabeba mzigo peke yake.

Paka grisi ya kutosha kwenye bakuli, chomeka gololi moja moja, grisi yenyewe itazishika. Rudisha ekseli, zungusha koni kwa vidole hadi iguse, kisha irudishe nyuma kidogo, kwani loknati ikikazwa itaisukuma ndani. Shika rimu uitikise. Ikicheza, kaza kidogo. Ekseli ikizunguka kwa punjepunje kama ina mchanga, legeza. Utarudia mara tatu, nne. Hata mimi narudia.

Friwili, ile gia ya nyuma inayoshika mnyororo, usiitie grisi hata kidogo! Vile vijino vya ndani vinavyolia tikitiki vikinata kwa grisi, utakanyaga pedeli bila baiskeli kwenda, na gunia nyuma. Humo tia matone ya oili nyepesi, safi.

Fanya hivi Oktoba kabla mvua hazijaanza, na Mei zikishakatika, maana huku kwetu Katavi tope likiondoka vumbi linapokea zamu.

Na ukimaliza kukaza kila kitu, ukanawa mikono, ukakuta gololi moja imebaki kwenye sinia: fungua tena. Najua giza limeingia na ugali haujasongwa. Fungua.