Saa Zikipishana Malaba, Pima Pengo Kwanza

Kutoka vituo vya mpakani vya Busia na Malaba hadi Tororo mjini, na hata huko ndani Paya, saa ni ile ile. Kenya na Uganda zinafuata saa za Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya UTC, na hakuna mwezi ambapo nchi yoyote kati ya hizo inasogeza mishale. Huku karibu na ikweta mchana wa Juni na wa Desemba unakaribia kulingana, kwa hiyo hakuna mwanga wa kuwahi. Basi mfumo wa wakala wa forodha ukisema lori limeingia 14:10, na ule wa mwenye mzigo ukisema 11:10 (saa zote humu nimeziandika kwa mtindo wa 24), mpaka hauna hatia. Kosa limezaliwa kwenye seva iliyo mbali na foleni ya malori, au kwenye vidole vya mtu.

Wengi hukimbilia kuongeza 3 mahali fulani kwenye msimbo mpaka skrini ipendeze. Usifanye hivyo. Programu nyingine iliyoko mbele nayo itaongeza 3 zake, na lori litaonekana limevuka saa ambayo haijafika.

Chagua tukio moja ambalo saa yake haina ubishi, kwa mfano malipo ambayo ujumbe wake ulifika kwenye simu yako. Kisha liombe tukio hilo moja kwa moja kutoka kwenye huduma ya wavuti, kwa curl au chombo kama hicho, bila kupitia programu ya simu wala jedwali la Excel. Linganisha saa mbili hizo na uandike pengo, kwa sababu ukubwa wake humtaja mkosaji.

Pengo la saa 3 kamili lisilobadilika ni UTC iliyoonyeshwa bila kugeuzwa. Hilo ndilo jepesi kuliko yote. Pengo la saa 8 linalogeuka 7 mwezi Machi ni seva inayofuata saa za New York. La 3 linalogeuka 2 ni London. La 2 linalogeuka 1 ni Amsterdam, Berlin au jirani zao. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo, kwa hiyo mwaka 2026 wa kwanza wanasogeza tarehe 8 na wa pili tarehe 29. Tarehe ambayo lalamiko lilianza inakuonyesha bara la seva kabla hujamuuliza mtu.

Pengo la dakika zisizo na mpangilio, tuseme 7 au 11, halihusu kanda za saa hata kidogo. Saa ya mashine imepotea, washa NTP, huduma inayosawazisha saa kupitia mtandao. Ukitaka kuhakikisha, soma kichwa cha jibu la HTTP kiitwacho Date: huandikwa kwa GMT daima, ongeza 3 uilinganishe na simu yako. Na ukikuta mizigo yote imevuka Januari 1970, kuna aliyesoma sekunde kama ni milisekunde.

Pengo la saa 6 lina washukiwa wawili, na hapa mpakani wote wawili ni wa kweli. Wa kwanza ni sisi. Dereva anamwambia karani amefika saa mbili, iwe kwa Kiswahili au kwa Kiganda, na karani anaandika 02:00 kwenye fomu ilhali jua limeshachomoza. Wa pili ni jina la ukanda. Katika hifadhidata ya kanda za saa ya IANA, majina ya kundi la Etc yana alama zilizopinduliwa: Etc/GMT-3 ndiyo saa 3 mbele, na Etc/GMT+3 ni saa 3 nyuma. Aliyechagua ile ya pili kwa nia njema ametupwa katikati ya Atlantiki. Kuwatenganisha si kazi: kosa la karani hugusa rekodi zilizoandikwa kwa mkono tu, tena si zote, wakati kosa la jina hugusa kila kitu. La karani halitibiwi kwa msimbo bali kwa fomu yenye asubuhi, mchana na usiku. La jina linatibiwa kwa kuandika Africa/Nairobi au Africa/Kampala, ambayo kwenye hifadhidata hiyo ni kiungo tu cha Nairobi. Vifupisho kama EAT viepuke, maana si kila mfumo unavitambua.

Sasa ombi lenyewe. Ukituma kigezo chenye 2026-03-29T00:00:00+03:00 ndani ya anwani ya wavuti, ile alama ya kujumlisha inaweza kusomwa kama nafasi tupu. Huduma yenye adabu itakataa. Isiyo na adabu itadondosha ukanda na kukupa majibu ya siku isiyo yako. Andika %2B badala ya alama hiyo, au tuma UTC yenyewe: 2026-03-28T21:00:00Z. Mimi napendelea ya pili, kwa kuwa haina cha kudondoka.

Angalia hapo kwamba siku yetu inaanza saa 21:00 UTC ya jana yake. Malaba na Busia hufanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo ripoti iliyokatwa kwa siku ya UTC huhamishia kwenye jana kila lori la kati ya usiku wa manane na saa 03:00. Omba kuanzia mwanzo wa siku hadi kabla ya mwanzo wa siku inayofuata. Achana na 23:59:59. Katika JavaScript kuna mtego: tarehe tupu kama 2026-03-29 husomwa kwa UTC, lakini ukiiongezea T00:00:00 husomwa kwa saa za mashine. Malipo nayo yaangalie kwa makini. Daraja, API ya M-Pesa, hutumia tarakimu 14 kuanzia mwaka hadi sekunde, bila alama ya ukanda. Zisome na uziunde kwa Africa/Nairobi, seva yako iwe popote.

Malori mengi yanayopita Malaba hayaishii Uganda. Kigali na Goma ziko saa 2 mbele ya UTC, na Juba ilizifuata tarehe 1 Februari 2021, ilipoacha saa zetu. Kwa hiyo pengo la saa 1 linaloonekana Juba peke yake ni dalili ya hifadhidata ya kanda iliyozeeka. Marekebisho yaliingia toleo la 2021a. Sasisha kwenye mfumo endeshi, kisha kwenye Java na kwenye kontena, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa na nakala yake.

Tarehe za kuzaliwa za madereva zihifadhi kama tarehe tu, bila saa. Usiku wa manane wa Nairobi ukigeuzwa UTC, mtu anazaliwa siku moja mapema, na leseni yake haitalingana na pasipoti.

Ukimaliza, jaribu kwa rekodi ya 25 Oktoba 2026, siku London inaporudisha saa nyuma. Seva inayohifadhi saa za London bila ukanda itayabana malori ya kati ya 03:00 na 05:00 za kwetu ndani ya saa moja, 01:00 hadi 02:00, na hakuna ombi litakaloweza kuyatenganisha tena. Hapo hakuna hesabu ya kukuokoa: mwenye seva ahifadhi UTC.