Nyungunyungu na Chokaa ya Ardhi

Mwanachama mwenzetu akaaye Vingunguti, Dar es Salaam, mwenye mikarafuu yake Pemba, ameuliza: akichukua nyungunyungu katika malundo ya samadi ya huko na kuwavusha kwa boti hata shambani kwake, je, watamtengenezea chokaa asihitaji kununua? Magunia na nauli ni fedha, basi yafaa ajibiwe kabla hajalipa.

Aliyoyasikia ni kweli. Karibu na koo la nyungunyungu wengi mna tezi zitoazo chokaa. Kwa baadhi yao chokaa hiyo huganda ikawa vipunje vigumu mfano wa chembe za mchanga, vikatoka pamoja na mavi. Charles Darwin, Mwingereza, alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1881.

Lakini kuumba ni kwa Mungu. Nyungunyungu hukusanya tu kilichomo katika udongo na majani alayo. Waingereza waliwafuga nyungunyungu wa kwao katika udongo wa namna mbalimbali, wakatangaza mwaka 2011 kuwa uchachu wa udongo ndio utawalao jambo hili: udongo ukiwa mchachu vipunje huwa vichache, uchachu ukipungua huzidi. Kwa hiyo penye haja ya chokaa ndipo atoapo kidogo. Kwetu sisi ardhi ya maweni ina chokaa tele, na huko mkarafuu haustawi!

Hata penye udongo mzuri, kipimo chake ni miligramu tu. Tuseme kila mmoja atoe miligramu 1 kwa siku: nyungunyungu 1,000 watachukua siku 1,000 kutimiza kilo 1. Na hao ni wa Ulaya, si wa Vingunguti.

Tena nyungunyungu wa lundo la samadi amezoea chakula tele na unyevu. Ukimtupa katika kichanga kikavu hatakaa. Wako walioko shambani tayari, walishe hao. Yaache majani ya mkarafuu yaoze chini ya mti, tandaza samadi iliyoiva, wala usichome takataka. Faida yao kubwa kwetu si chokaa, bali ni kutoboa ardhi maji yapate kupita, maana mkarafuu hauvumilii maji yatuamayo.

Kama wasiwasi ni uchachu, chimba udongo kidogo kidogo sehemu mbalimbali za shamba, uchanganye, umpelekee Bwana Shamba upimwe. Usimwage chokaa wala majivu kabla ya kupata jibu lake.