SOMO LA ROBO HII: Sikilizeni Mabomba Kabla ya Kuomba Mtambo Mpya



Somo letu safari hii linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini linakula fedha za miradi na linaweza kujeruhi watu: maji ya moto ya kuogea katika hosteli, zahanati na nyumba za wageni za parokia.

Huku kwetu nyanda za juu, hasa Juni na Julai, maji ya moto si anasa. Hosteli yetu ina hita inayotumia jua, pamoja na koili ya umeme kwa siku za mawingu. Baada ya miaka michache mabomba yalianza kunguruma, na wageni wakalalamika kwamba maji ya bomba la mvua hubadilika ghafla, mara baridi, mara ya kuunguza. Kamati yetu ilikwisha kuandaa barua ya kuwaomba wafadhili mtambo mpya. Kabla ya kuituma tulimwita fundi bomba. Hakuna kasoro hata moja aliyoikuta iliyohitaji mtambo mpya.

Kelele zinasema nini?

1. Kububujika. Hewa imenaswa ndani ya mabomba, mara nyingi baada ya simtanki kukauka. Jazeni simtanki, kisha fungueni koki ya maji ya moto iliyo juu kabisa hadi maji yatiririke bila kukatika.

2. Kishindo koki inapofungwa. Maji yaliyokuwa yakikimbia husimama ghafla na kutikisa bomba lililolegea. Kazeni vibanio vya bomba ukutani, na badilisheni washa zilizochakaa.

3. Kunguruma kama birika linalokaribia kuchemka. Koili imeshika ukoko wa chokaa. Zimeni umeme, subirini maji yapoe, kisha fundi aisafishe. Ikiachwa hivyo, koili huungua mapema.

Kwa nini maji hubadilika?

Kwetu, maji baridi ya bafuni yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na ya moto yalitoka kwenye tangi la juu. Mpishi alipofungua koki jikoni, maji baridi yalipungua na anayeoga akabaki na maji ya moto matupu. Fundi aliunganisha yote mawili kwenye simtanki moja, na msukumo ukawa sawa.

Jambo hili lisisubiri kikao kijacho. Maji ya nyuzi 60 za Sentigredi yanaweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Siku za jua kali, hosteli ikiwa haina wageni, tangi linaweza kupita kiwango hicho. Lakini msiache maji yawe ya uvuguvugu tangini, kwa kuwa bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, huzaliana vizuri kati ya nyuzi 20 na 45. Njia salama ni kuhifadhi maji yakiwa na nyuzi 60 hivi, na kufunga vali ya kuchanganyia ili yafike bafuni yakiwa na nyuzi 40 hivi.

Onyo: bomba la kupumulia la tangi lisizibwe kamwe, hata likidondosha maji. Presha ikikosa njia, tangi linaweza kupasuka.

Tumejifunza nini?

Barua yetu ingetumwa, mtambo mpya ungefungwa kwenye mabomba yale yale, na mgeni angeendelea kuungua. Kamati, wekeni fungu la matengenezo kila mwaka. Wafadhili wetu wapendwa, msione vibaya kuuliza ni nani atakayeutunza mradi baada ya uzinduzi.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani kati yetu anayejua koki kuu na swichi ya hita zilipo?
2. Mtambo wetu ulikaguliwa lini mara ya mwisho?
3. Je, tungemruhusu mtoto wetu kuoga peke yake katika bafu lile?